Kwa Krapi, Mchagua Ndoana Ndiye Mvuvi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya jamii ya Waswahili wa Lexington, Kentucky, mwishoni mwa majira ya baridi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa zamu kazini.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Uvira na Baraka, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Kisumu na Mombasa, na nyinyi watoto mliozaliwa hapahapa Kentucky, ambao mkiitwa mezani mnakisikia Kiswahili vizuri sana lakini mkitumwa kuosha vyombo hamkisikii tena: shikamooni, hamjambo, karibuni.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi mjukuu wao leo nimesimama kuwabishia. Mambo ya kilimo nawaachia wenyewe. Lakini kwa huyu samaki anayeitwa krapi, mchagua ndoana ndiye mvuvi, na asiyechagua atakaa gatini kutwa nzima akitazama bata.

Mtaniuliza, wewe kijana, humu ndani una watu waliovua Tanganyika kabla hujazaliwa. Watu wanaomjua mgebuka, wanaomjua kuhe, wanaojua dagaa anapanda usiku gani na usiku gani hapandi. Hao nao wafundishwe kuvua? Hapana. Sikuja kumfundisha mtu kuvua. Nimekuja kusema kwamba huku ugenini kuna samaki mmoja ambaye ukimwendea kwa nguvu unamkosa, ukimwendea kwa zana nene unamkosa, ukimwendea kwa pupa unamkosa. Zana zake ni nyembamba, nyepesi, ndogo. Nyembamba, nyepesi, ndogo! Mengine yote nitakayosema mkiyasahau, maneno hayo matatu yabebeni hadi dukani.

Tena nataka tuanze na samaki, duka baadaye. Maana wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaingia duka la zana za uvuvi, tunakuta ukuta mzima wa vitu vinavyometameta, na tunatoka na mfuko wa dola 100 kabla hatujajua tunamvua nani.

Haya, huyu krapi ni nani? Ni samaki wa maji baridi ya Amerika ya Kaskazini, wa ukoo mmoja na besi wa mdomo mkubwa. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi. Mweupe ana milia inayoshuka ubavuni, mweusi ana madoa yaliyotapakaa ovyo. Ukitaka uhakika, hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Kwenye kikaango hawana tofauti yoyote. Wengi utakaowapata ni wa nusu pauni, wa robo tatu, wa pauni moja. Ukimpata wa pauni mbili, mpige picha na uwatumie wa nyumbani.

Mambo mawili ya mwili wake ndiyo yanayoamua ununue nini. La kwanza ni mdomo. La pili ni macho.

Kuhusu mdomo, naomba nimseme mzee wetu mmoja. Yupo humu, ameniruhusu nisimulie ila nisimtaje. Mzee huyu kavua Tanganyika upande wa Baraka maisha yake yote. Siku ya kwanza tulipokwenda naye Taylorsville Lake, alikuja na zana za mtu mzima: mshipi mnene wa kuvulia kambare, ndoana ya kumwingia kuhe, chubwi ya kufika Kalemie. Akatupa. Maji yakaruka. Pembeni yake walikaa watoto wawili wa Kizungu na vifimbo vyao vidogo, kila baada ya muda wanainua samaki. Mzee ananitazama, mimi namtazama mzee. Hatimaye alipotugusa mmoja, mzee alivuta kama anavyovuta mwanamume. Samaki akatoka kichwa juu ya maji, akaanguka, akaenda zake.

Mzee hakukasirika. Alimwomba mmoja wa wale watoto amshike krapi wake. Akamfungua mdomo taratibu kwa kidole gumba, akauelekeza kwenye jua. Nanyi mkipata nafasi fanyeni vivyo hivyo: ile ngozi ya pembeni, kati ya mfupa wa taya na shavu, mwanga unapita. Unaona kidole chako upande wa pili. Ndiyo maana wenyeji wanamwita mdomo-karatasi. Ukivuta kwa nguvu, ndoana haikwami, inachana tundu, na tundu likishakuwa kubwa samaki anaitema mwenyewe. Mzee akamrudisha kwa mtoto, akafuta mkono, akasema, "Huyu anavuliwa kwa adabu."

Sijasikia mtu aliyelisema vizuri zaidi ya hapo. Anavuliwa kwa adabu.

Sasa, adabu hiyo inanunuliwaje?

Inaanza na fimbo. Fimbo ya krapi inapaswa kupinda. Samaki anapotikisa kichwa, fimbo inameza mtikiso ule badala ya mdomo wake. Ukiwa dukani, usitazame rangi ya fimbo wala picha ya samaki aliyeruka kwenye kibandiko. Tazama maandishi madogo yaliyo juu kidogo ya mshikio. Tafuta herufi UL, ukikosa, L. Hizo maana yake fimbo ni nyepesi mno au nyepesi. Kando yake utaona nguvu ya mshipi inaoufaa, yaani uzito ambao mshipi unaubeba kabla ya kukatika, pauni 2 hadi 6 au hapo karibu, na uzito wa chambo, kuanzia 1/32 ya aunsi. Ukiona M au MH, yaani za kati na nzito kiasi, irudishe mahali pake, hata kama imepunguzwa bei. Hasa kama imepunguzwa bei! Urefu wa futi 6 na nusu au 7 unatosha kwa anayevua ukingoni.

Halafu rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo. Hapa nina hadithi ninayoipenda.

Huko Tulsa, jimbo la Oklahoma, kulikuwa na kampuni iliyotengeneza mabomu ya kulipulia visima vya mafuta. Jina lake Zero Hour Bomb Company. Soko la mabomu yale likawa linaelekea kufa. Akawajia fundi saa mmoja wa Texas, R. D. Hull, na wazo lake. Inasimuliwa kwamba alikuwa amemtazama mwuza duka akivuta kamba ya kufungia vifurushi kutoka kwenye kibiringo kilichotulia. Kamba inatoka kwa ulaini, kibiringo hakizunguki, na kamba haijisokoti. Hull akafikiri: mbona mshipi wa kuvulia usitoke hivyohivyo? Mwaka 1949 kampuni ya mabomu ikaanza kuuza rili za kuvulia, na leo mnaijua kwa herufi za mwanzo za jina lake, Zebco. Mwaka 1954 wakatoa ile ya 33, rili iliyofunikwa, yenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Babu wa kila mtu katika jimbo hili ameanza na hiyo.

Nawaambia haya kwa nini? Kwa sababu kuna vijana wanaidharau rili ya kitufe, wanasema ni ya watoto. Ndiyo, ni ya watoto, na tuna watoto! Mtoto wa miaka sita mpe rili ya kitufe, utashinda kutwa nzima bila kufumua mshipi uliojisokota. Mtu mzima mnunulie rili ya wazi, ile yenye waya unaozunguka na kuukunja mshipi, yenye namba 1000 ubavuni. Ni ndogo, inajaa kiganjani. Fimbo na rili zikiuzwa pamoja, dola 30 hadi 50 zinakutosha kuanza. Ukizidi hapo unajinunulia fahari, na fahari haina kosa, ila samaki haioni.

Ukifika nyumbani, kabla hata ya kufunga ndoana, rekebisha breki ya rili. Shika mshipi kwa mkono, vuta. Rili ikikataa kabisa kuachia, legeza. Iachie mshipi kwa mvuto mdogo, ikilalamika kidogo. Nguvu zako zote zisifike kwenye ule mdomo.

Mshipi wenyewe: pauni 4 au 6, ule wa nailoni wa kawaida. Pauni 4 kwenye maji meupe yaliyo wazi, 6 kama bado mkono haujazoea. Nao ubadilishe kila mwaka. Nailoni iliyokaa kwenye rili baridi nzima inatoka imejikunja.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, maana nimewahubiria wembamba na sasa nauwekea mpaka. Krapi anapenda kukaa ndani ya takataka za majini. Matawi yaliyozama, nguzo za gati, miti iliyokufa ikasimama majini, na Taylorsville imejaa miti hiyo. Ukivua katikati ya matawi, pauni 4 itakukatikia kila unapokwama, na utamaliza ndoana kabla ya saa sita. Pale panda hadi pauni 8 au 10, lakini ndoana ibaki nyembamba. Muombe muuzaji ndoana za Aberdeen, zile za waya mwembamba wa rangi ya dhahabu, namba 4 au 2. Siri yake nini? Ikikwama kwenye tawi, usiitikise. Zungushia mshipi kwenye kipande cha mti, vuta polepole, moja kwa moja. Waya unanyooka, ndoana inatoka kwenye tawi imenyooka. Unaikunja tena kwa koleo, unaendelea kuvua. Mshipi mnene kuliko ndoana, ndoana dhaifu kuliko mshipi. Waliovua kuhe wananitazama kwa mshangao, najua. Kule ndoana ikinyooka ni msiba. Huku ndiyo mpango.

Sasa kuna swali linanifuata kila nikizungumza na vijana. Bila boti inawezekana? Bila ile mitambo ya kuona samaki kwenye kioo inawezekana?

Sona hizi za kisasa zinazoonyesha samaki papo hapo zinauzwa kwa maelfu ya dola. Zinafanya kazi, sitawadanganya. Lakini sikilizeni. Kwa miaka mingi krapi mkubwa kuliko wote aliyeandikwa kwenye kumbukumbu za dunia, wa aina nyeupe, alitoka Enid, jimbo la Mississippi, mwaka 1957. Pauni 5 na aunsi 3. Mwaka 1957, hakuna sona ya namna hii mkononi mwa mtu yeyote. Kisha mwaka 2018 akavuliwa mweusi aliyempita uzito, pauni 5 na aunsi 7. Alivuliwa kwenye ziwa gani kubwa? Kwenye bwawa dogo tu, Kaunti ya Loudon, jimbo la Tennessee, majirani zetu wa kusini. Bwawa!

Na karibu nasi zaidi. Kuna mama yetu mmoja, mnamfahamu, ndiye anayekaanga mandazi ya harusi zote. Mama huyu hana rili. Ana fimbo ndefu tu ya futi 10, mshipi umefungwa nchani, urefu wa mshipi karibu sawa na wa fimbo. Harushi. Anatembea gatini na ndoo yake, anafika kwenye nguzo, anaishusha jigi, ile ndoana yenye kichwa kizito nitakayoieleza baadaye, taratibu kando ya nguzo, anasubiri kidogo, anainua kidogo, anahamia nguzo inayofuata. Vijana wetu wako upande wa pili wanarusha kuelekea katikati ya ziwa, kwa sababu kichwani mwao samaki mkubwa yuko mbali. Mama anazunguka gati mara moja, ndoo inaanza kugonga. Nilipomuuliza, akajibu, "Baba, samaki akae juani kwa nini na kivuli kipo?"

Kwa hiyo wewe unayeanza, ambaye mfuko umebana, nunua fimbo ndefu ya namna hiyo. Ni ya bei ndogo, haina kinachoharibika. Hivyo ndivyo wengi wa kusini mwa nchi hii walivyovua krapi kwa vizazi, kwa ufito wa mwanzi.

Nimesema mambo mawili ya mwili wa krapi, nimemaliza mdomo. Macho je?

Macho yake yamekaa juu ya kichwa na yanatazama juu. Anakula kwa kupanda. Chambo kikipita chini ya tumbo lake, ni kama hakipo. Hili ndilo linalowafanya watu warudi mikono mitupu huku wakilaumu rangi ya chambo. Mnanisikia? Kina kwanza, rangi baadaye. Kina kwanza, rangi baadaye. Kama hujui samaki wako wako kina gani, anzia juu ushuke, usianzie chini ukapanda. Ukiwa juu yake futi mbili, atakuja. Ukiwa chini yake nusu futi, umeshampoteza.

Kwa hiyo tuje kwenye jigi. Jigi ni nini? Ni ndoana iliyomiminiwa kichwa cha madini ya risasi, ikavishwa mkia: wa plastiki laini au wa manyoya. Ndicho chambo bandia cha krapi, na anayeanza hahitaji kingine. Uzito wa kununua ni 1/16 ya aunsi. Hazifiki hata gramu mbili. Watu wakizishika kwa mara ya kwanza wanacheka. Hii? Hii ndiyo ya kuvulia samaki? Ndiyo hiyo, na maji yakiwa ya baridi, samaki wamezubaa, unashuka hadi 1/32. Upepo ukiwa mkali au kina kikiwa kirefu, panda 1/8. Kwa nini uzito una maana hivyo? Kwa sababu jigi nyepesi inazama polepole mbele ya macho yake. Ile ya 1/16 inashuka kama futi moja kwa sekunde, zaidi kidogo au pungufu kidogo kutegemea mkia. Ukiitupa, hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Samaki akigonga ulipofika nne, mtupo unaofuata hesabu tena hadi nne. Umeshapima kina bila sona ya mtu.

Mkia uwe wa inchi moja na nusu hadi mbili. Uvishe umenyooka. Ukiuvisha umepinda, jigi inajizungusha inaposhuka, na mshipi unajisokota. Na fundo: baada ya kukaza, lisukume kwa ukucha likae juu kabisa ya kipete, kile kitundu cha jigi kinachofungiwa mshipi. Kisha ning'iniza jigi hewani uitazame. Imelala sawasawa, kichwa na mkia usawa mmoja? Vizuri. Imening'inia pua juu? Lisukume tena. Kisamaki anayeogelea hasimami wima, na krapi anavijua visamaki kuliko sisi.

Rangi sasa, maana najua bila rangi hamtaniacha niondoke. Wavuvi wa krapi wanabishana juu ya rangi kama tunavyobishana sisi juu ya Simba na Yanga. Plastiki moja maarufu, Bobby Garland, ina rangi nyingi hadi nyingine imeitwa Monkey Milk. Maziwa ya nyani! Nunua tatu tu. Nyeupe, kwa maji ya wazi. Ile njano-kijani kali ya makoti ya mafundi wa barabara, kwa maji ya tope. Na nyeusi yenye mkia wa hiyo njano-kijani, kwa siku za mawingu na asubuhi mapema. Ukishindwa na zote tatu, tatizo si rangi. Rudi kwenye kina.

Na chambo hai? Vidagaa hai vinauzwa kwa dazeni maduka ya karibu na maziwa. Kwa anayeanza, sioni aibu yoyote ndani yake. Chagua vidogo, mtoboe midomo yote miwili kwa ndoana ile ya dhahabu, au chini ya pezi la mgongoni bila kugusa uti, aendelee kuogelea. Vikibaki, msivimwage ziwani. Maziwa haya yameshaingiliwa na wageni wabaya wa kutosha. Kule Kentucky Lake wanamjua kapu wa Asia anayeruka nje ya maji. Mwageni nchi kavu.

Boya nalo lina hila. Lile la duara, jekundu na jeupe, ni zuri kwa kina cha futi tatu au nne. Likizidi hapo, haliruhusu kurusha, maana mshipi unaoning'inia unakuwa mrefu kama fimbo. Tafuta boya la kuteleza. Funga kifundo cha uzi kwenye mshipi pale unapotaka kina kiishie, pitisha ushanga mdogo, kisha boya, kisha kichubwi kidogo, kisha ndoana. Ukirusha, boya linateremka hadi kwenye kichubwi, kila kitu kinaruka pamoja. Likitua majini, mshipi unapita ndani yake mpaka kifundo kigonge ushanga. Futi 12 za kina, na fimbo ya futi 6! Chagua boya jembamba la kusimama, si nene, kwa sababu krapi hagusi kwa kishindo.

Tena hapa ndipo wengi wanapokosa samaki mbele ya macho yao. Tunasubiri boya lizame. Mvuvi wa krapi anasubiri pia boya lilale. Boya lililokuwa limesimama wima, ghafla linalala ubavu juu ya maji. Hakuna kilichozama. Nini kimetokea? Si nimesema anakula kwa kupanda? Ameshika chambo, akapanda nacho, ameubeba uzito wote. Likilala, inua fimbo. Inua, usivute! Kifundo cha mkono tu kinatosha. Kisha weka fimbo imepinda, mlete polepole, mwingize kwenye wavu wa mkono. Usimning'inize hewani kumpandisha gatini, mdomo ule hauwezi kumbeba.

Lini? Mapema Aprili hadi mwanzo wa Mei, maji yakifika nyuzi 60 na kitu za Fahrenheit, yaani kama 16 hadi 20 za Selsiasi, wanakuja kwenye kina kifupi kutaga. Wenyeji hawapimi, wanatazama miti ya dogwudi. Maua yake meupe yakifunguka, wanaomba ruhusa kazini. Hapo hata aliyesimama ukingoni anawafikia. Kiangazi wanashuka kwenye kina kirefu zaidi, mchana wanakuwa wagumu.

Lakini usiku! Ndugu zangu wa Tanganyika na wa Victoria, hapa naomba mkae sawa. Usiku wa kiangazi krapi anavuliwa kwa taa. Taa ile ile! Unaning'iniza taa juu ya maji, au unazamisha ile ya kijani inayotumia betri. Vijidudu vinakuja kwenye mwanga, visamaki vinafuata vijidudu, krapi anafuata visamaki, naye anakaa chini kidogo, pembezoni mwa duara la mwanga, kwenye giza, akitazama juu. Mimi nilipoambiwa jambo hili na Mzungu mmoja gatini, ananieleza kwa makini kama siri, nilimwacha amalize kwa heshima. Karabai tumezaliwa nazo. Tofauti ni moja tu: kule tunateka kwa wavu, huku unashusha jigi moja pembeni mwa duara. Wazee wetu wana elimu ya jambo hili kuliko kitabu chochote, na ningependa kiangazi hiki wao ndio watufundishe.

Na kwa kuwa nimetaja wavu, sheria, kwa haraka. Krapi hapa Kentucky ni samaki wa ndoana na mshipi tu. Wavu wa kutega, wavu wa kukokota, sahau. Ule mdogo wa mkono wa kumpokelea ndio ruhusa. Kuuza hairuhusiwi, hata kwa jirani, hata kwa mgahawa wa shemeji. Kuanzia miaka 16 unahitaji leseni, na mwaka wa leseni unaanza tarehe 1 Machi, kwa hiyo ile ya msimu uliopita imekwisha au iko ukingoni. Wikiendi ya kwanza ya Juni uvuvi ni bure bila leseni, siku nzuri ya kumjaribu ambaye hajaamua. Idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa kuchukua vinatofautiana ziwa na ziwa; idara ya wanyamapori ya jimbo inatoa kijitabu bure, na ramani inayoonyesha mahali walipozamisha matawi ili samaki wakae. Wametupa anwani za samaki, jamani, na sisi hatuisomi ramani! Na ndani ya boti inayokwenda, mtoto wa chini ya miaka 12 lazima awe amevaa jaketi la kuokolea.

Swali moja niliulizwa mlangoni nikiingia, nitalijibu hapa kwa faida ya wote. Dada mmoja aliuliza: nikiwa na dola 60 tu, ninunue nini? Fimbo na rili ya UL, dola 35 au 40. Mshipi wa pauni 6. Vichwa vya jigi vya 1/16, pakiti moja. Mikia ya plastiki nyeupe na ya njano-kijani. Maboya mawili ya kuteleza. Koleo ninalo, utaazima. Wavu wa mkono nunua mwezi ujao. Leseni iko nje ya hesabu hiyo, na yenyewe ndiyo ya kwanza kununuliwa.

Nimemaliza. Kwenye meza za nyuma kuna nyuzi na ndoana zilizokatwa ncha, vijana wataanza na lile fundo la juu ya kipete. Mwenye fimbo ya mwaka jana iliyovunjika ncha asiitupe, ailete mbele. Tuna vipete vipya vya nchani na gundi ya moto, ni kazi ya dakika chache. Chai iko tayari. Asanteni sana.